Fundi Anajibu: Kampuni moja, mashine mbili

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeambiwa kuwa kwenye mashine za umeme za ufundi, DeWalt na Black & Decker ni kampuni moja. Mbona bei zinapishana hivyo? Na kampuni ikinunuliwa, ubora hushuka?
Seremala kijana, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli: Black & Decker iliinunua DeWalt mwaka 1960, na mwaka 2010 yenyewe ikaungana na Stanley. Ila DeWalt hulenga mafundi, Black & Decker kazi ndogo za nyumbani. Ndiyo maana bei hazifanani.

Kununuliwa peke yake si kuharibika. Milwaukee, nayo ya mashine za ufundi, ni ya kampuni ya TTI ya Hong Kong tangu 2005, na mafundi bado wanaiheshimu. Lakini mimi niliwahi kuumia. Grenda yangu ya kwanza ilikuwa na vifuniko viwili ubavuni. Brashi (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota) zikiisha, bisibisi tu, dakika tano. Niliponunua ya pili, jina lile lile, kampuni ikiwa imeshauzwa, vifuniko havipo. Brashi ziko ndani, lazima ufungue bodi nzima. Iliniuma sana.

Kwa hiyo dukani igeuze mashine, tafuta vifuniko hivyo, na uulize brashi na swichi za akiba kabla hujatoa hela.