Mashine ya shoti inaweza kurudisha damu mguuni?

SWALI: Dokta habari za kazi. Naandika kwa niaba ya baba yangu, ana miaka 66, ana sukari na sigara kavuta sana mpaka juzijuzi tu ndo kaacha. Mguu wa kulia unamsumbua, zamani akienda msikitini shavu la mguu linambana anasimama njiani kama mara 2, akipumzika linaachia anaendelea. Sasa hivi unauma hata akiwa amelala, usiku anahamia kwenye kiti anauning'iniza ndo anapata usingizi. Kaka kamletea kimashine cha shoti kile cha kubandika pedi, mwenye duka kasema kinazibua mishipa. Mzee anabandika unyayoni asubuhi na jioni na anasema ana nafuu. Tuendelee tu?
Binti wa Morogoro

JIBU: Salama dada, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Hapana, msiendelee, kitoeni leo hii hapo unyayoni.

Sio kwamba kimashine ni cha kitapeli, kinaitwa TENS na watu wa fizio, yaani tiba ya viungo, wanakitumia kila siku. Shoti yake ndogo inaamsha ile mishipa ya fahamu inayobeba hisia ya kuguswa, na hisia hiyo ikifika kwenye uti wa mgongo inaibania njia taarifa ya maumivu. Ndo maana ukijigonga kidole kwenye mguu wa kitanda gizani mkono unakimbilia kukisugua wenyewe! Watafiti wa maumivu Melzack na Wall waliieleza habari hiyo mwaka 1965, wakaifananisha na geti. Kwa hiyo mzee hadanganyi akisema ana nafuu. Ila mwenye duka ndo kawadanganya, maana ateri, ule mshipa unaopeleka damu mguuni, iliyojaa mafuta na chokaa haizibuki kwa shoti ya juu ya ngozi, mguu bado una njaa ya damu, ni vile tu kelele zake hazisikiki.

Na kilichonitisha kwenye barua yako ni hicho kiti. Mtu akiumwa mguu njiani akipumzika anapoa, hapo bado kuna nafasi, ningemwambia atembee mpaka iume, apumzike, aendelee tena, nusu saa au zaidi mara 3 kwa wiki, inasaidia kweli. Lakini anayening'iniza mguu usiku ili damu ishuke kwa uzito wake, huyo anakaribia kidonda kisichopona na kukatwa kidole au mguu. Halafu ana sukari, nyayo zake huenda zina ganzi, pedi ikichakaa gundi ikaisha shoti inajikusanya sehemu moja inamuunguza na hashtuki. Na kama mnamkanda kwa maji ya moto kwenye beseni, nayo acheni hapohapo.

Wiki hii, sio mwezi ujao, mpelekeni hospitali ya rufaa wapime mishipa ya damu. Wanachukua presha ya kifundo cha mguu wanagawanya kwa ya mkono, ikiwa chini ya 0.9 njia imebana, chini ya 0.4 hali ni mbaya. Ila mtu wa sukari msimshangilie akipata namba nzuri, ateri zake zinaweza kuwa zimekakamaa, mkanda wa presha hauwezi kuzibana na namba ikasoma juu kwa uongo, waombeni wapime presha ya kidole gumba cha mguu au wamfanyie ultrasaundi ya mishipa. Wakiona pa kupitia wanaweza kupanua kwa puto au kuunganisha njia ya pembeni, na dawa za kuzuia damu kuganda na za kolesteroli atapewa, sigara asiirudie hata ya kuomba.

Usije ukasikia huko mbele kwamba umeme unaokoa miguu ukaniona nimekuficha kitu. Upo kweli, ila ni waya unaopandikizwa kwa upasuaji karibu na uti wa mgongo na betri yake chini ya ngozi, Ulaya wameutumia kwa wale ambao mshipa haurekebishiki tena, wengine maumivu yamepungua na wachache wamenusurika kukatwa. Na cha dukani sio hicho.

Kimashine msikitupe lakini. Kama mama analalamika kiuno abandike yeye, ilimradi hana betri ya moyo na ngozi haina kidonda. Vipimo vya mzee vikitoka niandikie namba zote mbili, ya kifundo na ya kidole.