Jibu: Oili ya lori la zamani lenye tapeti bapa

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama oili nyepesi ya magari mapya ndiyo iliyoila kemshafti (mhimili wa injini unaofungua vali) ya lori lako la petroli la miaka ya 1970, nami naona shaka yako ina msingi. Tapeti bapa, yaani vipande vya chuma vyenye uso bapa vinavyosukumwa na kemshafti ili vifungue vali, husuguana nayo kwa shinikizo kubwa, na kinachozuia chuma kulana na chuma ni utando wa zinki na fosforasi, viungo ambavyo katika oili nyepesi ya 5W-30 ya daraja la API SN (daraja la ubora la Taasisi ya Petroli ya Marekani kwa injini za petroli) vimepunguzwa, fosforasi isizidi asilimia 0.08, ili kulinda kisafisha moshi ambacho lori lako halina. Tia oili nzito zaidi, 15W-40 ya injini za dizeli, daraja la API CI-4, ambayo ina viungo hivyo kwa wingi zaidi. Joto letu la pwani halidai oili nyepesi. Na tafadhali, ukibadilisha kemshafti, badilisha tapeti zote pamoja nayo, kwa kuwa tapeti kuukuu huiharibu kemshafti mpya upesi sana.