Laga bila baridi: jibu kwa msomaji wa Malindi

SWALI: Hutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yangu, lita 20 kwa mara moja. Chumba changu hufikia nyuzi 30, na friji niliyo nayo haiingii ndoo ya kuchachushia. Kila nikitumia hamira ya laga, bia hutoka na harufu ya ndizi mbivu. Nifanyeje?

JIBU: Harufu hiyo inatokana na esta, yaani kemikali zenye harufu ya matunda, ambazo hamira huzitoa kwa wingi inapozaliana kwa kasi katika joto. Hamira ya laga, Saccharomyces pastorianus, hupendelea nyuzi 8 hadi 14 za Selisiasi, na kwa kuwa uchachukaji wenyewe huzalisha joto, ndani ya ndoo yako huenda nyuzi zinapita zile za chumba. Kwa tembo la mnazi hilo si tatizo, maana hunywewa siku ileile ya kugemwa na ukali wake ndio unaotakiwa. Lakini laga ni bia ya ladha tulivu, na ndani yake kila kasoro huonekana.

Esta nyingi hujengeka mwanzoni, wakati hamira inazaliana, kwa hiyo baridi kidogo uliyo nayo itumie katika siku 3 za kwanza. Itumbukize ndoo katika beseni kubwa la maji, kisha utie chupa za barafu na kuzibadilisha asubuhi na jioni. Usitegemee kitambaa kilicholoweshwa, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu mwingi na maji hayakauki upesi. Ukiweza kuyaweka maji karibu na nyuzi 18, jambo ambalo ni jepesi zaidi miezi ya kusi, tumia W-34/70, aina ya hamira ya laga ambayo huvumilia joto kuliko hamira nyingi za laga. Watengenezaji bia wa San Francisco walitumia hamira ya laga bila barafu tangu karne ya 19, na bia yao ilipendwa, ingawa haikuwa laga kamili.

Ikiwa barafu ni shida, ningekushauri uache hamira ya laga na kuchukua kveik, hamira ya jadi ya mashambani Norwe, ambayo hufanya kazi vizuri hata katika nyuzi 30 na zaidi. Chagua aina yenye ladha tulivu, kwa mfano Lutra. Wapo pia wanaochachusha chini ya shinikizo la takriban kilopaskali 100 juu ya lile la hewa ili kupunguza esta, lakini hilo lifanyike katika kegi ya chuma yenye vali ya usalama tu. Ndoo ya plastiki au chupa ya kioo inaweza kupasuka na kukujeruhi vibaya.

Uchachukaji ukikaribia kwisha, joto la Malindi linakufaa: iache bia siku 2 au 3 bila barafu, ili hamira imalize daisetili, ile ladha ya siagi. Baada ya hapo ijaze katika chupa pamoja na sukari kiasi, isubiri ipate gesi, ndipo uziweke chupa hizo katika friji yako ya kawaida kwa wiki 3 au 4. Hatua hii usiiruke, kwa kuwa ndipo hamira hutulia chini na bia ikawa angavu.