Baada ya maafa, ulizeni na dawa za presha

Yakitokea mafuriko au tetemeko, kwanza tunauliza nani hajaonekana, kisha tunatafuta unga na mablanketi. Ndivyo inavyopasa. Naomba tuongeze swali moja, tena siku hiyohiyo: nani hapa anatumia dawa za presha, moyo au kisukari, na dawa zake ziko wapi?

Tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80, shangazi yangu wa Katesh alitoka bila hata mchubuko. Nilimkuta kwenye mkeka darasani walikohifadhiwa, jasho jembamba limemtoka kwenye paji la uso, kiganja kimekandamiza kifua. "Ni majonzi tu mwanangu, yatapita." Nesi alipompima, presha ilisoma 190 kwa 110.

"Mama, dawa zako?"

"Zimekwenda na kabati."

Wote waliompelekea msaada, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hofu kubwa humwaga adrenalini mwilini: moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda, na damu inaganda kwa urahisi zaidi. Mwenye mishipa iliyokwisha kuziba nusu anaweza kufa bila kuguswa na jiwe. Tetemeko la Northridge lilipopiga eneo la Los Angeles, Marekani, alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994, vifo vya ghafla vya ugonjwa wa moyo vilifika 24 siku hiyo, wakati kawaida vilikuwa kama 5 kwa siku. Hata moyo mzima hauko salama. Kuna hali iitwayo takotsubo, ambayo madaktari wa Japani waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1990: mshtuko unadhoofisha ghafla misuli ya moyo, na dalili zake ni zilezile za shambulio la moyo. Huwapata zaidi kina mama waliokoma hedhi. Wengi hupona, ila lazima wafike hospitali.

Kwa hiyo kifua kikibana, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, pumzi ikikata, jasho baridi likitoka, msikae kumtuliza mtu kwa maneno. Mpelekeni hospitali. Wanawake wengine hawapati maumivu makali. Wanahisi kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida.

Dawa zilizopotea zitafutwe mapema. Nyingine, kama atenolol ya presha na moyo, ni hatari kuziacha ghafla, na za kuazima kwa jirani si za kujaribu. Leo hii, kabla ya janga lolote, piga picha pakiti za dawa za wazazi wako na kadi zao za kliniki, uzihifadhi kwenye simu. Daktari yeyote ataanzia hapo.

Halafu kuna miezi inayofuata, wageni wakishaondoka. Mvua ikianza kupiga bati usiku, shangazi anaamka na kukaa kitandani mpaka kuche, na asubuhi yake presha huwa juu. Mtu wa namna hiyo usimwambie ajikaze. Lala naye nyumba moja usiku wa mvua, mwache asimulie hata kama umeshaisikia habari hiyo, na siku ya kliniki umsindikize. Kule kliniki mweleze daktari kwamba halali, kwa sababu mwenyewe hatasema.