Mhubiri anasema waliofunikwa na tope Hanang walihukumiwa. Je, tukijiandaa kwa maafa tumekosa imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama, mzee wa kanisa katika usharika mmoja mkoani Manyara. Mtoto wa dada yangu ni mmoja wa waliofunikwa na tope pale Katesh, chini ya Mlima Hanang, mwaka 2023. Kwenye ibada ya kumbukumbu, mhubiri mgeni alisema mlima ulimeguka kwa sababu ya matambiko na ulevi wa watu wa pale. Tangu siku hiyo dada yangu hajakanyaga kanisani. Sasa sisi wazee tumependekeza sehemu ya fedha za ujenzi iwekwe kwa ajili ya maafa, kwa kuwa kanisa letu na nyumba nyingi ziko kando ya korongo. Mhubiri yule, na wazee wawili wanaomsikiliza, wanasema huko ni kumtilia Mungu shaka, tusimame na Zaburi 91, ile ya ulinzi wa Mungu. Je, tunakosea?

JIBU: Amina, mama. Pole sana kwa msiba, na pole zaidi kwa maneno mliyotwishwa juu ya msiba.

Hamkosei. Suala la fedha lina jambo moja la kuangalia, nitalifikia. Lakini kwanza niseme na huyo mhubiri, maana maneno kama yake nimeyasikia makaburini mara nyingi, na kila mara watu hunyamaza kwa adabu.

Maporomoko ya Hanang yalitokea tarehe 3 Desemba 2023. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tena Jumapili ya kwanza ya Majilio. Wako waliokuwa wanajiandaa kwenda kanisani. Wataalamu walioukagua mlima walisema haikuwa volkano: mvua nyingi zilinyesha, sehemu yenye miamba dhaifu ikanyonya maji, ikamomonyoka, na tope likashuka na mawe na magogo kufuata njia za maji mpaka kwenye makazi. Waliokufa ni zaidi ya 80. Mhubiri atueleze: tope lile lilichaguaje? Kitoto cha miaka miwili kilitambika wapi? Na mlevi aliyelala upande wa pili wa mji akaamka salama, huyo alihesabiwa haki?

Bwana wetu aliletewa habari za msiba kama huu, akajibu bila kuzunguka. Luka 13: “Au wale kumi na wanane, walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ukawaua, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu?” Kisha akasema, sivyo. Wito wa toba anaoutoa baada ya hapo anauelekeza kwa walio hai waliosimama mbele yake. Marehemu hawagusi. Mhubiri wenu kaugeuza: kawahubiria toba wafu, na walio hai kawaacha wajione bora.

Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilipita katikati ya mji wa Goma, Kongo, na kuharibu kanisa kuu la Wakatoliki. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilipigwa na tetemeko tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa watu, na mishumaa iliyoangushwa altareni ikachangia moto ulioteketeza mji. Anayesoma hukumu ya Mungu kwenye vifusi akubali basi kwamba siku ile walioadhibiwa ni waliokwenda ibadani. Hatakubali, kwa sababu hesabu yake inafanya kazi kwa misiba ya wengine tu.

Sisemi dhambi haimo kabisa katika maafa. Imo, ila mara nyingi si pale anapoielekezea kidole. Aprili 2024 kule Mai Mahiu, Kenya, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ya chini ilikuwa imezibwa na uchafu na miti. Yalipopasua, yakazoa watu usiku wakiwa vitandani. Njia ya maji ikiziba na wenye wajibu wasiizibue, hapo pana dhambi ya kuhubiriwa. Lakini wanaotubu wawe wenye wajibu, si waliokuwa wamelala.

Nije kwenye Zaburi 91. Ni zaburi niipendayo, nimeisoma kando ya vitanda vya wagonjwa wengi. Ila katika Injili iko siku moja tu ilipotumiwa kumshawishi mtu ajiweke hatarini, na msomaji siku hiyo alikuwa Shetani. Alimsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtajia malaika watakaomchukua mikononi. Yesu alijibu kwa andiko: usimjaribu Bwana Mungu wako. Kulala kando ya korongo mwezi wa mvua huku umefungua Zaburi 91 ni kurudi kwenye kinara kile kile.

Wazee hao wawili wapelekeni Matendo 11. Nabii Agabo anasema njaa kubwa inakuja. Luka haandiki kwamba waumini wa Antiokia walikesha wakiikemea ile njaa. Hawakuuliza ni ya dhambi za nani. Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake alitoa, wakapeleka Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Hilo ndilo kanisa ambalo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Sasa fedha. Kama waumini walichangishwa kwa ajili ya bati, baraza halina ruhusa ya kuzihamisha kimyakimya, hata kwa kazi njema. Pelekeni hoja kwenye mkutano wa usharika, waliotoa waamue. Au ziacheni za bati, mfanye mnada wa Jumapili moja kwa ajili ya maafa, kuku, mahindi, mbuzi kama yupo, mfungue kitabu chake peke yake. Hilo litazuia maneno mengi.

Na msidhani fedha ndiyo kazi yenyewe. Mna jumuiya za nyumba kwa nyumba. Kila jumuiya iandike nani hawezi kukimbia: bibi asiyeona, mama aliyejifungua, mlemavu, na kando ya kila jina liandikwe jina la kijana wa kumbeba. Majirani Waislamu na wasio na dini waingie katika orodha hiyo hiyo, tope haliulizi ubatizo. Ufunguo wa kanisa ukae kwa watu wawili. Ila kama lenyewe liko kando ya korongo, lisiwe kimbilio kabisa. Zungumzeni mapema na shule au msikiti ulio juu zaidi. Kengele yenu, kama ni ringi ya lori iliyotundikwa mtini kama zilivyo nyingi, ipigwe mapigo ya ibada kwa ibada na mengine kabisa kwa hatari. Wafundisheni watoto wa Sunday school, wao hawasahau. Na mwulizeni mtendaji wa kijiji tahadhari za hali ya hewa anazipata vipi, zisomwe kwenye matangazo ya Jumapili kabla ya tangazo la kwaya.

Nina kosa langu la kuungama hapa. Mafuriko yalipowakumba jirani zetu miaka kadhaa iliyopita, nilitangaza tuchange nguo. Yakaja magunia. Tulipoyafungua kule tulikuta suti, gauni la harusi, na viatu vya mguu mmoja. Mama mmoja alishika koti la suti, akanitazama, akauliza kwa upole, “Baba mchungaji, sufuria hamna?” Tangu hapo natuma mtu kwanza aulize, ndipo natangaza. Na siku ya kugawa simu za kupiga picha zikae mfukoni.

Dada yako usimkokote kanisani. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno, na hiyo ndiyo sehemu pekee waliyofanya vizuri. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Nenda na unga na sukari, na wanawake wawili wa jumuiya asiowaogopa. Kama atakuuliza iwapo mwanawe alihukumiwa, mjibu hapana, na usiongeze. Akitaka kumzungumzia mtoto, alivyokuwa anakula, alivyokuwa mtundu, kaeni hata jua lizame. Mimi nitamwandikia mchungaji wako kuhusu ile ibada ya kumbukumbu, ukiniruhusu.