Je, dawa hizi "huyeyusha" damu?

Swali: Ninafasiri ikisiri ya utafiti wa tiba ya moyo. Sentensi ya kwanza nimeiandika hivi: "Tulifananisha athari za dawa mbili za kuyeyusha damu, klopidogreli na tikagrelori, juu ya msukumo wa damu ya moyo wakati wa kuweka stenti." Mhariri ameirudisha, anasema neno "kuyeyusha" si sahihi. Lakini ndilo ninalolisikia kila mahali. Nani kati yetu amekosea?

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi, na ningependa tukae na neno hili kwa muda, kwa sababu kosa lake huwafikia wagonjwa.

Kinachoyeyuka ni kile kilichokuwa kigumu. Damu inayozunguka mwilini tayari ni kimiminika, haina cha kuyeyushwa. Kinachoweza kuyeyushwa ni donge la damu, na dawa za kufanya hivyo zipo: streptokinasi, alteplasi, tenekteplasi. Hizo hulishambulia donge lililokwisha kujitengeneza na kuvunja nyuzi zake. Klopidogreli na tikagrelori hazina uwezo huo. Kazi yao huja kabla, ni kuzuia. Wanaosema "kulainisha damu" au "kuifanya nyepesi" nao wanapotosha, maana uzito wa damu, kama tunavyosema mafuta mazito, haubadiliki kwa dawa hizi.

Zinazuia nini basi? Hapa Kiswahili kina hazina ambayo wafasiri wengi huipita bila kuiona. Ukiandika "dawa za kuzuia damu kuganda", msomaji wa tiba atafikiria warfarini na heparini, ambazo huzuia protini za damu zisifanye utando wa donge. Klopidogreli na wenzake huzishughulikia chembe sahani, zile chembe ndogo ambazo mshipa ukijeruhiwa hukimbilia pale, hunata ukutani, kisha hushikana zenyewe kwa zenyewe. Kitendo hicho cha mwisho kina kitenzi chake: kugandamana. Kimejengwa kama shika inavyozaa shikamana na funga inavyozaa fungamana, vitu vingi vikishikana na kubaki vimeshikana. Damu inaganda, chembe sahani zinagandamana, donge linayeyushwa. Ukivitunza vitenzi hivyo vitatu, kila kimoja mahali pake, makundi matatu ya dawa hayatachanganyika tena katika maandishi yako.

Nimesema kosa huwafikia wagonjwa. Aliyewekewa stenti, yaani kijibomba cha waya kinachouweka mshipa wazi, hupewa kwa kawaida aspirini pamoja na dawa moja ya kundi hili, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12 kulingana na hali yake. Akiambiwa kwamba dawa "inayeyusha damu", ana kila sababu ya kudhani kwamba kazi ikiisha anaweza kuacha: imeshayeyuka! Akijua kwamba dawa inazuia chembe zisigandamane juu ya waya mgeni ulio ndani ya mshipa wake, ataelewa kwa nini asiiache bila kumwuliza daktari. Stenti inaweza kuziba ghafla.

Sasa "kufananisha". Mtu akikwambia "samahani, nimekufananisha", amekudhania kuwa mtu mwingine. Kufananisha ni kuona au kufanya vitu vifanane. Watafiti hulinganisha, yaani huviweka viwili sambamba ili tofauti ionekane kama ipo. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa PLATO, lenye wagonjwa 18,624, lililoziweka dawa zako hizi mbili kwenye mizani. Katika miezi 12, waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, au waliopata shambulio la moyo au kiharusi, walikuwa asilimia 9.8 upande wa tikagrelori na asilimia 11.7 upande wa klopidogreli. Ukiandika kwamba watafiti "walizifananisha", umewapa wasomaji kinyume cha kilichopatikana.

"Msukumo wa damu" nao uuache. Wengi wanapousikia hufikiria shinikizo la damu, lile linalopimwa mkononi. Utafiti wako unahusu damu inavyopita, na neno lake ni mtiririko. Madaktari huupima kwenye picha za eksirei, baada ya kuingiza rangi mshipani, kwa madaraja ya TIMI: daraja 0 hakuna kinachopita, 1 rangi inapenya lakini haifiki mwisho wa mshipa, 2 inafika kwa kuchelewa, 3 inapita kwa kasi ya kawaida. Madaraja hayo yalitoka mwaka 1985 kwa watafiti waliokuwa wakichunguza dawa za kuyeyusha donge, safari hii kuyeyusha kwa maana yake halisi. Ukikutana na maelezo ya mshipa uliozibuliwa na stenti ikakaa vizuri, lakini damu bado haifiki kwenye misuli kwa sababu mishipa midogo imekwama, usiandike kwamba mshipa "umeziba tena". Andika kwamba mshipa umezibuka ila mtiririko haukurejea. Kuzibuka na kupitika ni mambo mawili.

"Damu ya moyo" pia ina utata. Damu iliyomo ndani ya vyumba vya moyo si ile inayoulisha msuli wake. Msuli hulishwa na ateri zinazochipuka mwanzoni mwa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. "Ateri za moyo" inatosha. Wapo walioziita ateri za korona, lakini tangu mwaka 2020 neno hilo limetekwa na ugonjwa mwingine.

"Athari" libakize. Najua wapo wanaolikwepa kwa kudhani ni lazima liwe baya, lakini kwa ubaya tunalo "madhara", na hapa tofauti inakufaa sana. Tikagrelori huzuia chembe sahani bila kungoja kugeuzwa na ini kama klopidogreli, na zaidi ya hapo huifanya adenosini, kemikali ya mwili inayopanua mishipa, ikae kwa muda mrefu zaidi kwenye damu. Hizo ni athari. Kutokwa damu, na kupumua kwa shida kunakowapata baadhi ya wanaoitumia, ni madhara. Ila baada ya "athari" usiweke "juu ya". Kiswahili husema athari ya kitu kwa kitu.

Kwa hiyo: "Tulilinganisha athari ya klopidogreli na ya tikagrelori, dawa mbili za kuzuia chembe sahani kugandamana, kwa mtiririko wa damu katika ateri za moyo wakati wa kuweka stenti."

Hiyo "ya" ya pili usiiondoe, hata mhariri akikuomba ufupishe. "Athari ya klopidogreli na tikagrelori" inaweza kusomwa kama athari ya dawa mbili zilizotolewa kwa pamoja kwa mgonjwa mmoja, na hizi mbili hazitolewi pamoja.