Maswali na Majibu: Mizani ya Mpwa na Raundi ya 13 ya Mjomba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Mikindani, na umri wangu umekwishavuka miaka sitini na tano. Mpwa wangu amekuja likizo kutoka chuoni, na tangu afike hatuna mazungumzo mengine barazani ila ngumi. Nilikuwa kijana mwezi Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa katika raundi ya 8; habari ile tuliipata redioni, tukaisimulia siku nzima. Sasa mpwa wangu ananionyesha kwenye simu yake Tyson Fury na Oleksandr Usyk, kisha anasema kwamba hawa wa leo ni wakubwa, wana kasi, wana wataalamu wa chakula na mazoezi, na kwamba mabondia wangu wangelala kabla ya raundi ya tatu. Nilipomwambia asiwadharau wakubwa, alinijibu kwa adabu, lakini kwa kunikera: "Mjomba, mizani haina shikamoo." Tafadhali tuamulieni. — *Fundi, Mikindani*

JIBU: Ndugu Fundi, neno la mpwa wako ni zito, na kwa kuwa ameitegemea mizani, tuanze na mizani hiyo hiyo. Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, alikuwa akipanda ulingoni na kilo 84 au 85 tu. Joe Louis, aliyeushika ubingwa wa uzito wa juu tangu 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25, katika miaka yake mizuri alikuwa na kilo 90 hivi. Siku hizi mabwana hao wangeweza kupigana katika daraja lililo chini ya uzito wa juu, ambalo kikomo chake ni kilo 90.7, ilhali Fury, mwenye urefu wa mita 2.06, alikutana na Deontay Wilder mwezi Februari 2020 akiwa na kilo zipatazo 124. Tofauti kati ya Fury na Marciano inakaribia kilo 40, yaani uzito wa mtoto mzima wa darasa la saba. Hapo mpwa wako yuko sahihi, na wewe mjomba huna budi kukubali.

Lakini mizani hiyo inamgeuka yeye mwenyewe. Tarehe 18 Mei 2024, mjini Riyadh, Usyk alipanda ulingoni na kilo 101 dhidi ya Fury mwenye kilo 119, akamshinda kwa pointi za majaji wawili dhidi ya mmoja. Waliporudiana mwezi Desemba mwaka huo huo, majaji wote watatu walimpa Usyk. Sasa tazama: Usyk ana urefu wa mita 1.91, sawa na Ali, na Ali kule Kinshasa alikuwa na kilo 98. Kwa hiyo mtu aliyewatawala majitu wa zama hizi ana umbo la bondia wa miaka ya sabini. Sisemi kwamba Ali angemshinda Fury. Nasema tu kwamba mpwa wako amechagua shahidi ambaye ushahidi wake unamsaidia mjomba.

Jambo ambalo ninyi wawili hamkuligusa, na kwangu ndilo kubwa kuliko kilo, ni idadi ya raundi. Pambano la ubingwa wa dunia leo lina raundi 12, lakini zamani lilikuwa na 15, na raundi hizo tatu zilikuwa zikibadili kila kitu. Chukua usiku wa tarehe 23 Septemba 1952 mjini Philadelphia, Marciano alipompinga bingwa Jersey Joe Walcott, mzee wa miaka 38. Katika raundi ya kwanza Walcott alimwangusha Marciano, ambaye hakuwa amewahi kuanguka katika maisha yake ya ngumi za kulipwa, na raundi ya 12 ilipokwisha, karatasi za majaji wote zilikuwa upande wa Walcott. Kwa kanuni za leo kengele ingelia, mkono wa Walcott ungenyanyuliwa, na hesabu ile ya 49 bila kushindwa isingekuwapo. Kwa kanuni za siku ile walirudi katikati kwa raundi ya 13. Walcott alirudi nyuma hadi kwenye kamba, wote wawili wakarusha mkono wa kulia kwa wakati mmoja, na wa Marciano, uliosafiri umbali mfupi sana, ukatangulia kufika. Ukiitazama filamu ile utamwona Walcott akishuka polepole, mkono wake umenasa kwenye kamba kama nguo iliyosahauliwa uani.

Louis naye aliokolewa na raundi hiyo hiyo ya 13. Mwezi Juni 1941, mjini New York, Billy Conn, aliyekuwa mwepesi kuliko yeye kwa takribani kilo 11, alikuwa anaongoza kwenye karatasi mbili na kulingana kwenye ya tatu. Kilichomponza Conn ni tamaa ya kummaliza bingwa kwa ngumi badala ya kumkimbia, na Louis akamlaza zikiwa zimebaki sekunde mbili raundi iishe. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama Usyk angempiga Louis, wewe muulize kwanza: kwa raundi ngapi?

Wala nisieleweke kwamba nazililia raundi 15 zirudi. Ziliondolewa kwa sababu nzito: mwezi Novemba 1982 kijana wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alisimamishwa katika raundi ya 14 na Ray Mancini kule Las Vegas, akafariki siku chache baadaye. WBC, mojawapo ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, lilipunguza raundi mara baada ya hapo, na mengine yakafuata kabla ya muongo ule kwisha. Nasema tu kwamba pumzi ya kufika raundi ya 15 ilikuwa sehemu ya kazi ya bondia wa zamani, na bondia wa leo hakuandaliwa kwa ajili yake kwa kuwa haihitajiki.

Katika madaraja ya chini ya uzito wa juu, ambako ukubwa wa mwili hauwezi kuwa kisingizio kwa sababu kikomo cha kilo ni kile kile, mimi nawapa wa zamani, na wala sioni haya. Bondia wa leo hupima uzito siku moja kabla, akarudisha maji mwilini usiku kucha na kupanda ulingoni mzito kuliko alivyoandikwa. Wa zamani walipima siku ile ile. Henry Armstrong alishika mikanda mitatu ya dunia kwa pamoja mwaka 1938, wakati madaraja yote yalikuwa manane. Leo madaraja ni 17 na mashirika makubwa manne, hivyo kuna mikanda 68 ya kugombewa. Mwezi Oktoba 1939 pekee Armstrong aliutetea ubingwa wake mara tano. Sugar Ray Robinson alishindwa na Jake LaMotta tarehe 5 Februari 1943, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwishapigana na mtu mwingine, akarudi kwa LaMotta na kumshinda. Bingwa wa leo hupigana mara moja au mbili kwa mwaka. Naoya Inoue wa Japani na Terence Crawford wa Marekani ni mafundi wa hali ya juu, na kila mmoja amekusanya mikanda yote ya daraja lake zaidi ya mara moja. Lakini ufundi unaopatikana kwa kupigana na watu wa kila aina kila baada ya wiki mbili hauuzwi kwenye ukumbi wa mazoezi.

Basi mwambie mpwa kwamba uzito wa juu amepata nusu, na huko chini amekosa.

SWALI: Kwa nini mnazungumzia Wamarekani tu? Titus Simba na Hassan Mwakinyo, mabondia wetu wa Tanzania, nani zaidi? — *Msomaji, Lindi*

JIBU: Hao walifanya kazi mbili tofauti. Mwakinyo ni bondia wa kulipwa, na ushindi wake wa raundi ya pili dhidi ya Sam Eggington, mjini Birmingham, mwezi Septemba 2018, aliupata ugenini mbele ya mashabiki wa mpinzani. Sifa kubwa ya Simba ilitoka katika ngumi za ridhaa, ambako pambano lilikuwa la raundi tatu na hakuna muda wa kumsoma mtu. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alifika fainali ya uzito wa kati na kurudi na medali ya fedha. Aliyemnyima dhahabu ni Mwingereza kijana aliyeitwa John Conteh, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBC. Ukinilazimisha nichague, nitamchagua aliyepoteza kwa Conteh.